Tiki ya Mama Asma

Nina hasira na fomu moja, na aliyeipiga taipu ni mimi. Watu wengine wakiwa na hasira huwa na mtu wa kumwelekezea. Mimi kila nikinyoosha kidole kinapita kwa mkuu wa shule, kinapita kwa mwalimu mmoja aliyekijua Kilatini, halafu kinarudi kifuani kwangu. Basi nitasimulia kama ilivyokuwa, na atakayenuna na anune.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Kila kitu kilikuwa ruksa, na kila mwenye ghala tupu Dodoma alikuwa anafungua biashara. Waliotaka baa walifungua baa. Bwana Batholomeo, aliyekuwa ofisa utumishi wa shirika moja la umma mpaka lilipovunjwa, akafungua shule ya sekondari pale Area D. Jengo lenyewe lilikuwa ghala la mbolea. Siku za jua kali darasa la Kidato cha Kwanza bado lilitoa harufu, na watoto walitoka humo macho mekundu. Lakini langoni palikuwa na ubao wa bluu ulioandikwa Kiingereza kitupu, na shule za serikali nafasi zilikuwa chache mno, kwa hiyo wazazi walikuja. Walitoka Kondoa, walitoka Mpwapwa, walitoka Mtera na magunia ya samaki wakavu mabegani, wakawaacha watoto wao kwetu. Mimi nilikuwa karani wa taipu. Jina langu Anastazia, mzaliwa wa Haneti.

Bwana Batholomeo alikuwa anapenda fimbo. Sisemi alikuwa mkali. Walimu wakali nimewaona wengi na wengine nimewapenda. Huyu alikuwa anapenda. Kila Ijumaa mstarini alivua koti, akalikunja vizuri, akampa mwalimu wa zamu amshikie, kisha akaita majina. Mwisho wa mwaka wa kwanza akamchapa mtoto wa sajini mmoja wa polisi mpaka akashindwa kuketi. Yule baba alikuja na magwanda yake, akaomba aonyeshwe daftari la adhabu, lile ambalo serikali inataka kila kiboko kiandikwe humo, nani kachapwa, kwa kosa gani, mara ngapi. Daftari halikuwepo. Mkuu alitoka jasho siku hiyo, nikafurahi peke yangu ofisini.

Furaha yangu haikukaa. Wiki iliyofuata aliniletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake.

"Anastazia, tunatengeneza fomu mpya ya huduma. Mzazi ataweka tiki kwenye huduma anazozitaka mwenyewe, halafu atie sahihi au dole gumba. Asije mtu tena hapa kunitisha na buti zake."

Fomu yote ilikuwa ya Kiingereza. Namba moja bweni, namba mbili chakula cha mchana, namba tatu masomo ya ziada, namba nne kwaya, namba tano kompyuta, namba sita fastigesheni, namba saba safari za mafunzo. Hiyo namba sita niliikosea mara tatu, stensili ikatoboka, nikaanza upya.

"Mkuu, hii ya sita ni nini?"

"Ni malezi ya kisasa. Wewe andika."

Niliandika. Sikuuliza tena. Watu walikuwa wanapunguzwa makazini kila mwezi, na mwenye kazi alijifunza kufunga mdomo. Hiyo ni sababu tu, haiwi udhuru, na mtu asinipe pole kwa ajili yake.

Wazazi waliweka tiki kila mahali. Mngewaona! Miaka mingi hawa watu walikuwa wanapanga foleni ya sukari na sabuni, wanachukua wanachopewa. Sasa wameletewa karatasi inayowauliza wanataka nini. Walijaza kama watu walioalikwa karamu. Hakuna aliyeuliza namba sita ni kitu gani, kwa sababu kuuliza ni kukiri mbele ya wenzako kwamba hujui Kiingereza. Baba mmoja dereva wa lori alikuwa akijigamba pale langoni kwamba shule yetu si mchezo, mwanawe anapata kompyuta na fastigesheni juu. Mwenzake akaitikia kwamba hata wake pia. Bwana Batholomeo alikuwa amesimama dirishani akiwasikiliza, na mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Sijawahi kuiona ikiwaka.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka uliofuata, akaja mama mmoja ofisini, amejifunga kanga mbili safi, mkononi ameshika kopo la samli. Vumbi la barabara ya Kondoa lilikuwa bado kwenye kope zake.

"Mimi ni Mwanahawa, mama yake Asma wa Kidato cha Pili," alisema baada ya kusalimiana. "Nimekuja kwa jambo dogo, dada yangu. Usinione msumbufu."

Alifungua pindo la kanga, akatoa nakala yake ya fomu iliyokunjwa mara nne. Akaweka kidole kwenye namba sita.

"Hii hapa niliweka tiki. Likizo nikamuuliza Asma, mwanangu, hii mmeshafundishwa? Akaniambia tangu mwaka uanze hajawahi hata kuisikia. Nikalala nawaza. Fungu la mwanangu anapewa nani? Au ni kwa sababu mimi ni mama wa sokoni, nauza ulezi na karanga?"

"Hapana, mama Asma, si hivyo."

"Basi ni nini hiyo?"

Miezi saba nilikuwa nimelidurufu lile neno, nimeligongea mhuri, na sikujua ni nini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mimi sikusoma," aliendelea. "Kiarabu cha msahafu nakisoma, Kiswahili nakisoma polepole. Sasa pale kwenye fomu nikasema, hata kama sijui ni somo gani, mwanangu asikose kitu ambacho wenzake wanapata. Nataka apewe haki yake."

Mlango wa ndani ukafunguka. Bwana Batholomeo alikuwa amesikia yote. Sasa hapa lazima niseme jambo kuhusu Asma. Mwezi wa sita alikuja mkaguzi wa elimu, akapita madarasani akiwauliza watoto kama wana malalamiko. Watoto wote kimya. Asma akasimama, binti mwembamba wa miaka kumi na mitano na ushungi wake mweupe, akasema kwamba wazazi wao waliwawekea tiki ya kompyuta lakini wao mpaka sasa wamefundishwa kitambaa tu. Darasa zima lilicheka, mkaguzi naye akacheka, akaandika. Tangu siku hiyo mkuu alikuwa anamtafutia kosa, na kosa halionekani, maana mtoto alikuwa wa kwanza darasani na hakuchelewa hata siku moja.

"Mama," alisema mkuu kwa sauti laini kama ya mhubiri, "una haki kabisa. Huyu binti tulimsahau. Kesho Ijumaa, mstarini, tutaanza naye yeye. Wewe usiondoke, baki uone mwenyewe."

Mama Asma alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie, mwalimu wangu." Akampa lile kopo la samli. Na yeye akalipokea! Alilipokea, akalinusa, akasema kweli samli ya Kondoa haina mfano. Aliporudi ndani na kufunga mlango nilimsikia akicheka, na kile kicheko ndicho kilichoninyanyua kwenye kiti.

Nilimkuta Mwalimu Optatus chumba cha walimu akisahihisha madaftari. Yeye alisoma seminari miaka mingi, akatoka kabla ya upadre, na Kilatini alitoka nacho kama mtu aliyetoka kwenye nyumba inayoungua na sanduku moja tu. Alipenda kutuambia neno hili limetoka wapi na lile limetoka wapi, hata tukiwa tunakula. Nilimwekea fomu mbele yake.

"Mwalimu, hii namba sita maana yake nini?"

Uso wake ukang'aa. Naapa uling'aa.

"Ah! Hilo nililitoa mimi. Mkuu aliniomba neno zito, lisilojulikana na watu. Asili yake ni fustis, Kilatini. Fimbo nene, karibu na rungu. Kutoka hapo wakapata fustigare, kumpiga mtu kwa fimbo. Jeshi la Warumi, askari akisinzia zamu, wenzake walimzunguka na hizo fimbo wakampiga, na mara nyingi hakuinuka tena." Alichukua chaki, akaanza kuandika ubaoni. "Sasa usichanganye na flagellum. Huo ni mjeledi, wa ngozi, na ni jina la udogo, maana yupo baba yake, flagrum, mkubwa zaidi. Na kutoka flagellum Waingereza wakapata jina la kile kigongo cha kupuria nafaka. Mimi nilimshauri mkuu kwamba kwa shule ferula ingekuwa sahihi zaidi, kile kifimbo chepesi cha walimu wa Roma, lakini yeye alipenda mlio wa hili."

"Kwa hiyo ni viboko."

"Kwa ufupi, ndiyo."

"Wazazi wameweka tiki kwamba wanataka watoto wao wapigwe marungu."

"Anastazia, niliombwa neno, nikatoa neno."

"Kwetu Haneti mimi nimepura uwele tangu nina miaka sita," nilimwambia. "Nakijua hicho kigongo chako. Uwele unaupiga, hauna mama aliyesafiri kutoka Kondoa na samli kuja kukuomba uupige. Huyo mama yuko nje hapo. Kesho atasimama atazame mwanawe anapigwa, na ataambiwa aliomba mwenyewe. Na wewe unanichorea ubao!"

Chaki ilibaki hewani. Akaishusha, akasema bila kuniangalia kwamba lile neno alilipata seminari, akiwa na miaka kumi na tatu. Mlezi wao alikuwa analiandika kwanza ubaoni, analichambua asili yake, anawataka walirudie, ndipo anachukua fimbo.

"Nilikuwa nalirudia moyoni wakati napigwa," alisema. "Lilinisaidia."

Labda ningemhurumia siku nyingine. Siku ile nilimwambia kwamba alipigwa na neno, halafu akalifuga, halafu akaliachia liwaume watoto wa watu. Nikaondoka.

Mama Asma alifikia kwa wifi yake Chang'ombe. Nilikwenda saa tisa, baada ya kazi, kwa miguu, nikimtukana Bwana Batholomeo njia nzima kwa Kigogo. Nilimkuta uani anachambua mchele, nikamwambia yote. Hakulia. Aliweka ungo chini.

"Uliyeandika ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulijua?"

"Sikujua, mama Asma."

"Uliuliza?"

"Niliuliza mara moja."

"Mara moja," alirudia. Akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimejiandaa apige kelele. Ningezipokea kwa shukrani.

Nilimshauri amchukue binti bwenini jioni hiyo hiyo wakalale Chang'ombe, alfajiri wapande basi. Akakataa.

"Akitoroka leo, mwenye kosa ni yeye. Watasema binti wa Mwanahawa alikimbia shule. Halafu nimpeleke wapi? Kondoa nani anampa nafasi ya Kidato cha Pili katikati ya mwaka? Mimi ndiye niliyesafiri kuja kumwombea kipigo mwanangu. Kesho nitakuja."

Ijumaa asubuhi shule nzima ilikuwa mstarini, watoto mia mbili kasoro. Sisi wafanyakazi tulisimama upande wa kulia, mama Asma karibu nami. Tuliimba wimbo wa taifa. Bwana Batholomeo akavua koti, akalikunja, akampa Mwalimu Optatus amshikie, maana zamu ilikuwa yake. Fimbo za mti wa mkole zilikuwa tatu, mbichi, zimeegemezwa kwenye mlingoti.

"Leo tuna jambo la pekee," alisema. "Mzazi ametoka Kondoa mpaka hapa kulalamika kwamba binti yake hajapata fastigesheni. Wazazi wa aina hii tunawataka. Asma, njoo mbele."

Asma alitoka mstarini akitabasamu kidogo, kwa sababu alikuwa amemwona mama yake. Kisha mkuu akachukua fimbo ya kwanza, na lile tabasamu likaanza kutafuta pa kwenda. Asma akamgeukia mama yake. Katika mambo yote niliyoyaona maishani, sitaki kuona tena macho kama yale.

"Mwalimu, naomba kusema," mama Asma alisema. Hakusubiri ruhusa, alikuwa ameshafika katikati ya uwanja. "Naomba mwenye kulijua hili neno awaambie watoto asili yake. Wao ni wanafunzi. Wafundishwe."

"Mama, rudi mahali pako."

"Mwalimu Optatus," alisema yeye. Jina hilo nilikuwa nimemtajia mimi jana yake. "Waambie."

Optatus alikuwa amesimama na koti la mkuu mikononi. Nilifikiri atatazama viatu vyake mpaka mwisho wa dunia. Lakini alisema, kwa sauti ndogo ambayo hatukuizoea.

"Fustis. Ni Kilatini. Maana yake fimbo nene. Ni kumpiga mtu."

Mstari wote ukanung'unika. Dada mmoja wa Kidato cha Pili akasema kwa sauti, "Kumbe!" Bwana Batholomeo alibadilika rangi, lakini mtu wa namna ile huwa haachi. Alitoa fomu mfukoni, akaipeperusha.

"Haya, mmefundishwa. Na tiki ya mama yake hii hapa, na sahihi yake. Sheria ni sheria. Asma, lala chini."

Mama Asma alimshika binti yake bega, akamsogeza pembeni. Kisha akapiga magoti, akajitengeneza kanga vizuri, akalala yeye kifudifudi kwenye vumbi mbele ya watoto wote.

"Tiki ni yangu," alisema, shavu lake likiwa chini. "Mtoto hakuandika kitu. Nipe mimi nilichokitaka."

Mwanamke mzima, mwenye heshima zake, mama wa watoto wanne! Mkuu alimtazama, akatutazama sisi, akamtazama tena.

"Inuka, mama. Unajidhalilisha."

"Kumbe ni udhalili?" alisema mama Asma. "Mbona kwenye karatasi umeuweka katikati ya kompyuta na safari?"

Nilijua nilichotakiwa kufanya. Nilitakiwa kwenda kulala pale kando ya yule mama, mimi na taipu yangu na mhuri wangu. Mguu ulitoka kabisa kwenye mstari. Nikafikiria mshahara wa mwisho wa mwezi, nikaurudisha. Aliyekwenda ni Asma. Alichuchumaa, akampangusa mama yake vumbi usoni kwa ncha ya ushungi, akamwambia, "Mama, kwa nini hukuniuliza maana yake kabla ya kuweka tiki? Mimi ningekutafutia kwenye kamusi." Wakainuka pamoja, wakapita katikati yetu, wakatoka langoni. Mkuu alitangaza mstari umevunjwa. Optatus alilitundika koti kwenye mlingoti badala ya kumrudishia mwenyewe, akaingia darasani.

Habari zilifika Kondoa kabla ya basi lao. Mkaguzi alikuja mara mbili. Bwana Batholomeo akaona hatari, akaniita muhula ulipokuwa unaisha. Fomu mpya, ya Kiswahili, kila kitu wazi. Namba sita: viboko. Chini yake sehemu mbili, ndiyo na hapana. Niliipiga taipu kwa raha, naikiri, nikigonga kila herufi mpaka karatasi ikatoboka kwenye vituo. Nilidhani tumeshinda.

Muhula ulipofunguliwa wazazi walileta fomu. Mama Asma alikuja na binti yake. Alinitaka nimsomee fomu yote kwa sauti, mstari kwa mstari, ingawa ilikuwa ya Kiswahili, kisha akaisoma mwenyewe, polepole, midomo ikitembea. Akaweka tiki kwenye hapana na kunirudishia kalamu bila kuniambia kitu.

Yule baba dereva wa lori alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Nilimwonyesha namba sita kwa kidole, nikamwambia aisome vizuri. Akasoma. "Nimeshaona, dada," alisema. "Wangu mkaidi sana huyu." Akaweka tiki kwenye ndiyo. Aliyefuata akaweka ndiyo. Mwalimu mstaafu, mtu wa vitabu, akaweka ndiyo na kunipongeza kwa mpangilio wa fomu. Mpaka jioni nilikuwa nimewaonyesha namba sita watu mia na zaidi, nikiwasomea neno lenyewe kwa sauti, na sauti yangu ikawa inapanda mpaka mmoja akaniuliza kama naumwa.

Asma alikuja ofisini kuchukua chaki ya darasa lao. Aliona bunda la fomu mezani.

"Shikamoo, mama. Waliosema hapana wako wangapi?"

"Marahaba. Watatu."

"Pamoja na mimi?"

"Pamoja na wewe."

Alihesabu chaki zake, akasema asante, akaondoka. Ijumaa mkuu alivua koti lake, akaita majina kumi na moja, akachapa kila mmoja. Asma alisimama mstarini mikono nyuma, hakuguswa, akiwatazama wenzake wanavyolala chini mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kulia na fomu zao kifuani, zote zina sahihi, na safari hii hakuna mzazi hata mmoja aliyedanganywa.